Nilimposa Kwotabeki wa Watu, Nikamkana Wangu

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijapata muda wa kujitetea, maana najijua. Nikipewa nafasi ya kujieleza, mwisho wa maelezo mimi ndiye nitakuwa nimeonewa.

Nilimkana mchumba wangu. Mchana kweupe, mbele ya wazee, nimevaa kitenge kipya na hereni kubwa! Na wala sikumkana kwa ajili ya mwanaume mwingine. Hiyo ingekuwa nafuu, watu wangenielewa. Nilimkana kwa ajili ya mpira. Tena si huu mpira wa watu wote. Ni ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai, unaochezwa kwa mikono halafu wenyewe wanauita mpira wa miguu.

Cheka tu. Ningekuwa wewe hata mimi ningecheka.

Mimi ni Mtanzania, nimekuja hapa Brussels kusoma. Majina yote humu nimebadilisha na langu nimelificha kabisa, kwa sababu Matonge, mtaa wetu Waafrika hapa Ixelles, ni pakubwa kwa kelele tu. Ukipiga chafya kwenye saluni ya kwanza pale Galerie d'Ixelles, saluni ya mwisho wanakuambia pole. Nasuka nywele pale, na sasa hivi nikiingia wanapunguza sauti. Kwa hiyo nimeamua niseme mwenyewe, angalau isimuliwe sawasawa.

Chuo chetu kina timu ya huo mpira wa yai. Mimi nilikuwa meneja. Usishtuke, cheo hicho maana yake ni kujaza chupa za maji, kugombania uwanja na kufoka. Kwenye kufoka nilikuwa na kipaji.

Aliyeniingiza kwenye timu ni Aimé, ndiye huyo mchumba. Kwao ni Goma, alikuja huku mdogo, na Kiswahili chake kilikuwa kile chao cha Kongo. Siku ya kwanza aliponiambia "minakupenda", nilimsahihisha kabla ya kumjibu. Ndivyo nilivyo! Na yeye ndivyo alivyo, akarudia vizuri huku anacheka, akasubiri jibu.

Aimé ndiye alikuwa kwotabeki wetu. Kama hujui, kwotabeki ndiye dereva wa timu. Mpira unaanzia mikononi mwake, yeye ndiye anaamua amrushie nani, na wakati anaamua, majitu ya upande wa pili yanamkimbilia kumlaza chini. Aimé alilazwa chini kila mechi. Anaamka, anatema tope, anawauliza wenzake kama wako salama.

Na tulikuwa tunafungwa. Yaani tunafungwa mpaka wapinzani wanatuonea huruma, wanatupa mikono kwa upole kama watu waliokuja msibani.

Sasa mimi kufungwa siwezi. Nimezaliwa hivyo, hata karata sipendi kushindwa na mtoto. Ndipo likaja jina la Trésor.

Trésor alikuwa kwotabeki wa chuo kimoja kule Liège. Mrefu, ana mkono! Video zake zilizunguka kwenye simu zetu zote. Anarusha mpira kutoka huku mpaka kule, unatua kifuani kwa mtu. Tukasikia kagombana na kocha wake, anataka kuhama chuo, na mama yake anakaa hapa hapa Ixelles. Jamani! Nikaona Mungu ametuma.

Kocha wetu, Mbelgiji mmoja mpole mwenye tumbo, akasema hilo la kumfuata au kutomfuata tuamue wenyewe. Tukakaa mgahawani, karibu na Porte de Namur, timu nzima, madirisha yametoa jasho. Wengi walitaka Trésor aletwe. Aliyepinga ni mmoja, jitu la Bukavu tunaloliita Friji, ambalo kazi yake uwanjani ni kusimama mbele ya kwotabeki na kuzuia watu.

"Apana," Friji akasema. "Aimé haiko shida. Shida ni siye. Siye njo tunaacha batu banapita. Mukileta hata muntu wa Amerika, batamuangusha vilevile."

Mtu amesimama hadharani anakiri kwamba kosa ni lake, hajalazimishwa! Ulishawahi kuona jambo kama hilo? Mimi nililiona, nikalipuuza. Nikamwambia Friji anywe soda yake.

Halafu nikasimama. Oo, nilihutubia! Nikasema timu kwanza, mtu baadaye. Nikasema mapenzi yasiingizwe kwenye michezo. Nikasema na macho nimeyakaza kwenye dirisha, maana Aimé alikuwa amekaa pembeni yangu na mkono wake ulikuwa nyuma ya kiti changu. Walinipigia makofi, ikapigwa kura ya mikono, Trésor akapita. Nilivimba kichwa, nikasahau hata kwamba kile kiti kilikuwa na mkono wa mtu.

Aimé alisema neno moja tu. "Bon. Kama anajua kunipita, akuye." Yaani aje.

Tukiwa tunashuka Chaussée d'Ixelles kwenda kwenye gari lake, akaniuliza, "Na weye uliinua mukono?"

Nikamjibu, "Aimé, hayo ni ya timu, si ya nyumbani."

Akanipokea mkoba, tukaendelea kutembea. Mimi nikaona amekomaa. Kumbe alikuwa ameumia.

Sasa sikiliza kosa lenyewe.

Tulimtumia Trésor ujumbe. Akajibu yeye yuko tayari, ila mama yake hajakubali. Nikampigia mama mwenyewe, Maman Trésor, mhudumu wa wazee, mama wa kanisani, sauti ya kuongoza kwaya. Akaniambia, "Mutoto wangu anaacha masomo Liège, anabadilisha chuo, anakuya kulala kwa batu benye sijue, na munamuita kwa telefone? Ile ni mutoto, haiko pizza! Mukuye kama bantu. Mukuye muongee na Tonton yake."

Tonton ndiye mjomba. Mwingine angeogopa. Mimi nilifurahi! Kwetu shangazi zangu wote ni washenga. Nimekua nasikia posa zikipelekwa na kurudishwa, maneno yote ninayo kichwani. Nikawaambia wachezaji, hii ni posa. Tunakwenda kumposa kwotabeki, na mshenga ni mimi.

Wazungu wa watu wakafurahi kama watoto wanaokwenda bahari. Nikawashonea mashati ya kitenge. La kocha lilimbana tumboni, vifungo vikawa vinaomba msaada. Tukanunua doti ya mama, kreti za soda na bia, na kofia nzuri ya Tonton.

Aimé nilimwambia asiingie. "Utajisikia vibaya," nikamwambia, kwa huruma kabisa, yaani nilijiona mtu mwema. Lakini gari alikuwa nalo yeye peke yake. Kwa hiyo alituendesha. Akabeba kreti, ghorofa baada ya ghorofa, lifti imekufa, akaziweka mlangoni, akanifuta kitu shavuni, akashuka kutusubiri chini.

Nilipoandika hapo niliacha kwanza, nikaenda kunawa uso.

Haya. Tukaingia. Tonton alikuwa amekaa katikati, suti, fimbo asiyoihitaji, mzee wa Kivu aliyezoea kusuluhisha mambo ya watu. Maman Trésor pembeni yake, na wamama wengine wa kanisa wamejaa mpaka jikoni. Trésor mwenyewe kaketishwa kwenye kistuli, ameinamisha kichwa kama mwari. Kijana mrefu vile!

"Ikaleni," Tonton akasema. Tukakaa. "Bon. Mulikuya kutafuta nini hapa kwetu?"

Nikapiga goti. Nikamwaga maneno! Nikasema tumepita njiani tukaona mwanga ndani ya nyumba hii, na kwetu kuna giza. Nikasema mikono ya kijana huyu tutaitunza, ada na malazi chuo kinajua, chakula nitasimamia mimi. Wamama wakaguna kwa raha. Mmoja akaniita "maman" ingawa ni umri wa mama yangu. Kocha hakuelewa neno hata moja ila alikuwa anatikisa kichwa pale pale panapotakiwa.

Kisha Tonton akauliza lile swali ambalo huulizwa kila posa, na ambalo shangazi zangu husema ukilijibu uongo umeharibu kila kitu.

"Donc. Mu ile nyumba yenu, hakuna mwingine ndani? Mutoto wetu haiwezi kuenda kuwa wa pili."

Nilikuwa na majibu mengi ya kweli. Ningesema, yupo, papa, anaitwa Aimé, ni mwema, amekubali kupisha. Ningesema, yupo, ndiye amebeba hiyo soda unayokunywa. Lakini niliona uso wa mama umekaza, nikaona posa yangu nzuri inakwenda kuharibika dakika ya mwisho. Nikaona tunafungwa tena.

Nikasema, "Hakuna, papa. Nyumba haina mtu."

"Sema tena, bote basikie."

"Nyumba haina mtu!"

Vigelegele! Wamama wakatoka jikoni na sombe, kisamvu chao, na samaki, Friji akainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba, na mimi nikawa nashikwa mikono kila upande. Mshenga hodari! Binti wa Tanzania anajua kuongea!

Nilipofika kwenye gari Aimé akafungua mlango. "Bamekubali?"

"Wamekubali."

"Félicitations, hongera," akasema, na akamaanisha. Hilo ndilo linaloniua. Alimaanisha.

Sasa usifikiri Trésor alikuwa kijana mbaya. Kwa kuniadhibu, akawa mzuri. Anasalimia, anaosha vyombo, na mkono ulikuwa kweli ule wa kwenye video. Tatizo ni kwamba kule Liège alikuwa na watu wa kumlinda na watu wa kudaka. Kwetu alirusha mipira mizuri sana iliyopita katikati ya vidole vya watu na kwenda kuokotwa na mbwa wa jirani. Na ilipofika zamu ya majitu kumkimbilia, yalimwangusha kama yalivyokuwa yanamwangusha Aimé. Friji alinitazama kutoka uwanjani. Hakusema kitu, na mimi nilijifanya nahesabu chupa.

Tukaendelea kufungwa. Ila sasa tulifungwa kwa mbwembwe.

Na simu! Hakuna aliyenikumbusha kwamba mshenga hana likizo. Ndoa ikitetereka anaitwa mshenga. Niko darasani, Maman Trésor anapiga. "Mutoto amekonda." Niko kwenye basi. "Kocha alimulalamikia mbele ya bantu, ni vile mulituahidi?" Niko bafuni. "Anasema kule kwenu banakula mikate mikavu. Weye ulisema utasimamia." Nikawa napika ugali na maharage kwa ajili ya kijana wa watu, napeleka kwenye sufuria limefungwa taulo, huku nina mtihani kesho yake.

Aliyekuwa anamtuliza Trésor ni nani? Aimé. Aliyemfundisha michezo yetu, nani anakimbilia wapi, nani hasikii vizuri sikio la kushoto, ni Aimé. Amekaa benchi na koti lake, mvua ya Brussels inamnyeshea, anapiga makofi. Nilimwona, nikajiambia, si unaona, amepokea vizuri! Nilikuwa najipa hongera kwa moyo wa mtu mwingine.

Walikuwa marafiki. Na rafiki hualikwa nyumbani. Jumapili moja baada ya ibada Trésor akamchukua Aimé kwenda kula kwa mama yake. Habari hii nilisimuliwa baadaye na Trésor mwenyewe, analia.

Tonton alikuwepo. Akampenda Aimé, maana walikuwa watu wa sehemu moja, akawa anamuuliza habari za mtaa wao Goma. Akamuuliza, "Na weye unafanyaka nini mu ile équipe?"

Aimé akajibu bila wazo lolote baya, "Nilikuwaka kwotabeki, papa. Kabla Trésor akuye."

 Maman Trésor akaweka kijiko chini. Tonton akauliza tena taratibu, siku ile mlipokuja, weye ulikuwa wapi? Aimé akasema, "Chini, mu gari. Njo nilileta bile vinywaji."

Tonton hakuficha. Akamwambia nilichosema, na kwamba nilikisema mara mbili. Aimé akaomba radhi, akamaliza chakula chake kwa heshima, akashukuru, akaondoka.

Mimi aliniambia nini? Hakuniambia. Wiki hiyo tulionana kama kawaida. Alikuwa kimya kidogo, nikadhani mafua.

Na sababu ya mimi kutojali ni kwamba nilikuwa na shughuli. Posa yangu mwenyewe ilikuwa inakaribia! Baba yake Aimé alishafariki, mama yake yuko Goma, kwa hiyo alihitaji mzee wa kumwongoza hapa Ubelgiji. Akaniambia amempata. Nikamuuliza nani. Akasema, Tonton.

Hata hapo sikushtuka! Nilifurahi! Nikasema, yule mzee ananijua, ananisifu, mambo yatakuwa rahisi.

Siku yenyewe tulikuwa kwa baba yangu mdogo, Antwerp. Pilau, kachumbari, kuku wa kukaanga, baba mdogo kanzu nyeupe na koti, shangazi yuko kwenye simu kutoka Morogoro anasikiliza. Nimejifungia chumbani kama inavyotakiwa, sikio liko mlangoni.

Kengele ikalia. Akaingia mtu mmoja. Nilisikia hatua za mtu mmoja tu, na fimbo. Hakuna kreti. Hakuna kicheko.

Baba mdogo akamkaribisha, akauliza wenzako wako nyuma? Tonton akasema, "Nilikuya peke. Minaomba mutoto mwenyewe asikie."

Nikatoka. Kilemba kichwani, wanja machoni. Nikapiga goti pale kwenye zulia.

Tonton hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alimgeukia baba mdogo. "Papa, huyu binti alikuya kwangu kama mushenga. Aliongea muzuri sana. Nilimuuliza kama mu nyumba iko mwingine. Alisema nyumba haina muntu. Alisema mara mbili, bote basikie. Sasa mutoto mwenye nilipaswa kuleta hapa leo, alikuwa njo wa ile nyumba." Akagonga fimbo sakafuni. "Minaheshimu neno ya mushenga. Alisema hayuko. Siye tutamutoa wapi?"

Baba mdogo akanitazama. "Ni kweli?"

Kwenye simu shangazi alikuwa anasema haloo, haloo, hasikii kitu.

"Ni kweli," nikasema.

"Na yeye kijana anasemaje?" baba mdogo akauliza.

"Anasema asante," Tonton akajibu. "Anasema hana kasirani. Lakini hawezi kuoa mahali penye walishasema hayuko."

Akanyanyuka. Baba mdogo akamwomba ale, maana mgeni haondoki hivi hivi. Akala. Jamani, alikula! Pilau yangu ya posa, niliyoipika mwenyewe, akala akasifu viungo, akanawa, akaaga kila mtu kwa jina. Akanishika kichwa, akasema Mungu anisaidie na masomo.

Nilimtafuta Aimé. Alinipokea, hakunifungia mlango. Nikalia, nikaomba, nikasema ni neno tu, ni mbinu, kila mshenga anatia chumvi. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Kama bangekuuliza mara ya tatu, ungesema tena vile?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini namjua yule msichana wa siku ile, na vigelegele anavyovipenda. Nikachukua mkoba wangu, naye akanisindikiza mpaka kituo cha basi.

Trésor amerudi Liège, mama yake hakutaka posa ya uongo. Timu haina kwotabeki, safari hii kwa kweli kabisa, maana Aimé naye ameacha kucheza. Wachezaji wameanza kuzungumzia kijana mmoja wa Ghent, ana mkono, ana video. Wakaniuliza kama naweza kwenda kuongea na familia yake, kwa vile naongea vizuri.

Niliwaambia wamtume Friji.

Basi wewe unayesoma haya, usinionee huruma, nifaidi tu. Utakuja kukaa mahali, mbele ya watu unaotaka wakupigie makofi, na mtu mzima atakuuliza kama kuna mwingine ndani. Itakuwa posa, itakuwa kazi, itakuwa urafiki, hata mpira wa yai. Utaona kabisa kwamba kumtaja kutakuharibia. Mtaje! Waache wakunje nyuso, waondoe sombe yao mezani, mrudi na kreti zenu. Sema yupo. Ni neno fupi sana, hata mtoto analiweza, na mimi mwenye maneno yote lilinishinda.